Mama Cheti Afungiwa Nje kwa Ombi Lake Mwenyewe

Leo, tarehe thelathini Juni, hospitali yetu inamuaga fundi mkuu wa mifumo ya kompyuta, aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mmoja na ambaye sote, kuanzia mkurugenzi hadi wafagizi, tunamwita Mama Cheti. Kamati ya sherehe iliniagiza niandike wasifu mchangamfu. Nitajitahidi, ila mnisamehe: kwa yaliyotokea mwezi huu, mdomo wangu bado haujafunga vizuri.

Alianza kama karani wa maabara. Enzi hizo majibu ya damu yalitembea kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa yake: bahasha mkononi, ngazi juu, ngazi chini, kutoka maabara hadi wodi ya wazazi. Kompyuta zilipoingia, wengi walizikwepa, yeye akazivamia. Alikwenda kusoma, akarudi na stashahada, akahamia chumba cha seva, kwenye baridi ya kiyoyozi, ambako amevaa sweta la kijivu hata katika miezi ya joto. Nimekaa naye meza moja kwa muda mrefu, na mimi ndiye ninayerithi kiti chake.

Kazi aliyoifanya kuwa mtoto wake wa mwisho ni seva ya foleni. Kwa wasioijua, mambo ni hivi: mashine ya maabara ikimaliza kupima damu hutuma ujumbe kwenye seva hiyo, na ujumbe hukaa pale kwenye foleni hadi kompyuta ya wodi iuchukue. Benki ya damu, duka la dawa na chumba cha upasuaji vyote hupitia hapo. Ujumbe mmoja ukichezewa, mgonjwa anaweza kuwekewa damu isiyo yake.

Ndiyo maana Mama Cheti hakuwa na simile. Kila kompyuta inayotaka kuingia lazima iwe na cheti cha kidijitali chenye jina la mtumishi anayeitumia, na ufunguo wake wa siri. Seva huonyesha cheti, kompyuta huonyesha chake, na kila upande ukiridhika ndipo mazungumzo huanza, tena kwa maandishi yaliyosimbwa ili mdukuzi asiambulie kitu. Mtumishi akiondoka, cheti chake hubatilishwa siku hiyohiyo. Fundi mmoja wa kampuni ya eksirei aliwahi kuomba ukaguzi uzimwe kwanza, mashine yake ifanye kazi, halafu utawashwa baadaye. Mama Cheti alimuuliza, "Baadaye ya nani?" Akavuta kiti, akakaa kando yake hadi kazi ikafanyika inavyotakiwa. Mkurugenzi naye aliwahi kuomba atumiwe ufunguo wa siri kwa simu. Akapandiwa ngazi na kuwekewa ufunguo kwenye kompyuta yake kwa mkono, pamoja na mawaidha yaliyochukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Hata mumewe, alipomletea miwani aliyoisahau nyumbani, alisubirishwa mapokezi hadi apewe kitambulisho cha mgeni. Mzee huyo alituambia bila kinyongo, "Mimi sikuoa mke, nilioa lindo."

Basi fikirieni hali yetu siku ile. Tulikuwa katika makabidhiano. Alinifungulia skrini inayoonyesha waliounganishwa na seva wakati huo, akaanza kunipitisha jina kwa jina: wa wodi ya watoto, wa duka la dawa, wa maabara. Kidole kikasimama. Pale, kati ya walio hai, lilikuwepo jina la fundi wa benki ya damu, rafiki yake wa tangu ujana, tuliyemzika mwaka juzi. Limeunganishwa. Linapokea ujumbe na kujibu.

"Huyu tulimzika," alisema Mama Cheti, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Cheti cha marehemu alikuwa amekibatilisha yeye mwenyewe, macho yakiwa mekundu kwa kilio, wiki ya msiba. Tuliteremka benki ya damu karibu tukikimbia. Dada anayefanya kazi pale sasa alitushangaa tu: "Mimi niliikuta hivi, na inafanya kazi." Kumbe cheti kipya kilikuwa kimewekwa kwenye kompyuta ile, lakini mipangilio iliachwa ikielekeza kwenye kile cha zamani. Hilo tungelibeba. Lililotutoa jasho lilikuwa swali la pili: kwa nini seva ilikubali cheti kilichobatilishwa?

Jibu tulilipata juu, kwenye mipangilio ya seva. Mwaka juzi, kabla ya msiba ule, tulihamia toleo jipya, na maelekezo yanayoiambia seva ikague vyeti vilivyobatilishwa hayakuhamishwa. Tangu hapo, kila mtumishi aliyeacha kazi, aliyefukuzwa au aliyefariki alikuwa na mlango wazi. Na aliyehamisha ni Mama Cheti mwenyewe. Alikaa chini polepole. "Ni mimi," alisema. "Nimefungia dunia nzima nje, mlango wenyewe nikauacha wazi."

Sikujua pa kuangalia. Nimemwona mwanamke huyu akiwakemea madaktari bingwa, lakini sikuwahi kumwona akijikemea mwenyewe. Tulianza kupekua kumbukumbu za seva tangu siku ya uhamisho, roho mkononi, tukitafuta jina lolote lisilostahili kuwemo. Hadi jioni hatukuona jingine. Ni kompyuta ile ya benki ya damu tu, ikitumiwa na mtumishi halali kwa jina la marehemu. Hakuna mgonjwa aliyedhurika. Nilishusha pumzi, nikadhani limekwisha.

Afisa utumishi alimshauri asubiri sherehe ipite, ndipo aripoti, kwa kuwa ngao ya zawadi ilishachongwa na juu yake imeandikwa "Usalama Usio na Doa". Mama Cheti alimsikiliza kwa adabu, kisha akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Alieleza kila kitu bila kupepesa macho, akaomba maneno yale yafutwe kwenye ngao. Mkurugenzi aliweka kalamu chini, akaagiza ngao irudishwe kwa mchongaji.

Kesho yake asubuhi tulirekebisha. Kwanza kompyuta ya benki ya damu ilielekezwa kwenye cheti kipya, tukajaribu hadi tukaridhika, maana kukata kabla ya kuunganisha upya kungesimamisha damu. Kisha ukaguzi ukawashwa kwenye seva, na kila kompyuta ikalazimishwa kuunganishwa upya. Jina la marehemu likatoweka kwenye skrini. Mama Cheti aligusa pengo lile kwa kidole. "Pumzika sasa, ndugu yangu," alisema, akavua miwani na kuifuta. Na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Juzi akanipa mshtuko wa mwisho. Aliniita mbele ya idara nzima, akaniamuru nibatilishe cheti chake mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, bado una siku mbili." Akasema siku mbili hizo hazina kazi kubwa kuliko hiyo. Nikabonyeza. Akakaa kwenye kompyuta yake, akajaribu kuingia kwenye seva aliyoilea tangu siku ilipofunguliwa kwenye boksi. Ikamkataa. Akajaribu tena, kwa ujanja wote anaoujua, na mtu huyu anaujua mwingi. Ikamkataa tena. Tukasubiri machozi. Akageuka, uso umemchanua kama wa bibi harusi, akaturukia mmoja mmoja kutukumbatia.

Mama, kidole kilichokufungia nje ni changu, na hadi sasa kinaniuma. Asante kwa miguu yako ya zamani, kwa ukali wako, na kwa siku ulipopanda kwa mkurugenzi ukiwa na mengi ya kupoteza. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasumbufu kiasi, na simu isiyolia kwa habari za kazi. Ngao yako imechongwa upya. Sasa inasema tu: "Alituambia ukweli."