Wavu Wetu Haufichi Joto la Mtoto

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kanali, kwa cheo tungekuamkia shikamoo. Kwa umri wewe ni mwanetu. Basi pokea marahaba yetu kabisa, na karibu Mkula.

Tutakayosema tuliambiwa na Beno, askari wako, mjukuu wangu mimi ninayekusomea risala hii, Jumapili iliyopita baada ya misa.

TULIKOTOKA

Mwaka 1978 vijana walipokwenda vitani, tulianza kufuma nyavu za kujifichia, tukizichomekea ukindu wa hapa bondeni. Eustaki, baba yake Beno, aliporudi alisema, "Mama, ndege ya adui ilipita juu yangu mara mbili isinione." Tangu siku hiyo vidole vyetu havijapumzika. Leo umekuja kupokea nyavu arobaini. Hizo hapo, zimekunjwa.

KINACHOTUSUMBUA

Kwenye mazoezi Beno alilala chini ya wavu wetu, akatulia hata njiwa akatua mgongoni mwake. Kisha sikio likamwasha, akalikuna kidogo tu. Sajini yuko kilimani, mbali kama hapa na mtoni, akamwita kwa redio: "Wewe wa chini ya ukindu, acha kujikuna sikio!" Kumbe ana darubini inayoona joto la mwili.

Tulicheka sana. Mwenzetu Levina akasema, "Masikio ya ukoo huo hata sisi tunayaona bila darubini!"

Beno hakucheka. "Bibi, zamani ulijificha ukatulia. Vita vya sasa ukitulia umejiuza. Tunatawanyika, tunahamahama, moto hatuwashi. Anayeonekana kwanza ndiye anayezikwa kwanza."

Jumatatu anakwenda mpakani.

OMBI

Hatuombi kuongezewa kazi. Nyavu zichukue, zifunike magunia, na magari yakishapoa. Ila, baba, usimpe mtoto wa mtu wavu wetu ukamwambia amefichika. Mwambie kweli, ahame mapema. Na kama upo uzi unaozuia joto, tuletee tuushike. Macho yamepungua, vidole bado.

Mungu akutangulie njiani, wewe na wote unaowaamuru, awarudishe na masikio yao yote mawili.

Tulipomaliza kuandika haya jana mchana, Beno alikuwa ameshiba ubwabwa, amejinyoosha mkekani. Tulimfunika wavu wa arobaini na moja, kwa mazoea tu, huo hatukuuleta. Mwenzetu Paskazia akaweka kiganja juu ya wavu, akasema, "Jamani, joto linatoka kweli." Tukaweka viganja vyetu sote, mmoja mmoja, hadi mtoto akalala.

Ni sisi,
Bibi Wafuma Nyavu wa Mkula.