Mzee Duara, Aliyewafundisha Wakubwa Kunyamaza

Ndugu, jamaa na marafiki, karibuni tumsindikize. Haya yameandikwa na dada mdogo wa marehemu, na ndiye anayeyasoma. Aliiuliza familia kama anaweza kusema ukweli mtupu, hakuna aliyejibu, akachukulia kwamba wamekubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji. Alikuwa mpole tangu utotoni, upole ule wa kumfanya mwenzake ndiye aoshe vyombo. Hakugombana na dada yake hata siku moja. Alikaa tu akimtazama, mpaka dada mwenyewe akanyanyuka na kuchukua sufuria. Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1974 akiwa kiranja mkuu. Walimu walimsifu kwamba darasa lake halikuwa na kelele, wala yeye hakuwa na haja ya kupaza sauti. Mwaka 1977 alipata stashahada ya utawala.

Januari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha mablanketi, ofisi ya utumishi, na kufikia mwaka 1990 kazi yake ilikuwa kuwafundisha wakuu wa idara namna ya kuongoza vikao. Huko ndiko alikopewa jina la Mzee Duara. Alitoa meza chumbani, akapanga viti mduara, akabandika karatasi kubwa ukutani, kisha akawaambia wakubwa wafunge midomo. Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, aliwafundisha, halafu subiri. Watu hawakipendi kimya. Atatokea wa kukivunja, ila usiwe wewe. Mkuu mmoja wa usafirishaji, mtu wa kufoka tangu getini, alikatazwa kusema asubuhi nzima. Kufika mchana alikuwa ameshaelezwa na madereva wake kwa nini magari yanakufa njiani, jambo alilolifokea miaka bila kuliuliza. Alilia mbele yao kama mtoto. Yuko hapo safu ya pili, na hatabisha.

Kazi hiyo aliijua, tusimpunje. Aliijua kupita kiasi. Mwaka 1998 kiwanda kilipopunguza watu, meneja hakumfukuza mtu. Mzee Duara ndiye aliyeitwa. Aliwakalisha wafumaji, akawauliza kwa sauti ya chini ni nani kati yao anajiona anaweza kuanza maisha mapya, akatulia. Mjane mmoja wa chumba cha rangi alishindwa kuvumilia, akanyoosha mkono. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mjane yule alikwenda kuanza maisha mapya na watoto wanne. Marehemu alipandishwa cheo.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, mama mcheshi aliyemtangulia mwaka 2011. Walijaliwa binti, kisha wavulana wawili. Binti yule, jamani, alitaka jambo moja tu duniani: uuguzi. Mwaka 2001 alipata nafasi chuoni, sare ikashonwa, akawa anaivaa na kuivua mbele ya kioo. Wiki hiyo hiyo bibi yake, mama mzazi wa marehemu, akavunjika nyonga. Marehemu hakumwambia binti abaki. Thubutu! Alipanga viti sebuleni, akauliza familia nani yuko tayari kujitoa kwa ajili ya bibi, akakaa. Mkewe aliangalia sakafu, wavulana waliangalia dada yao. Binti alivumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Basi nitabaki mimi."

Baba yake alimkumbatia. "Hakuna aliyekulazimisha, mwanangu. Umeamua mwenyewe."

Bibi aliishi miaka kumi na mmoja mingine, akigeuzwa, akioshwa na kulishwa na mjukuu wake. Nafasi ya chuo iliota mbawa. Leo binti huyo anafua mashuka ya nyumba za wageni, na sabuni imemla vidole.

Tarehe 2 Februari 2021 marehemu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala na sauti ikakatika, ila akili ilibaki timamu, na hapo ndipo palipouma. Daktari alisema sauti inaweza kurudi kama atakaa nyumbani na mtu mvumilivu wa kumfanyisha mazoezi ya kusema kila siku. Akipelekwa makazi ya wazee nje ya mji, ataoshwa na kulishwa, lakini wa kuhangaika na sauti yake hayupo. Wavulana, sasa wanaume wenye nyumba zao, walimwambia dada yao amchukue, kwa kuwa ameshazoea wagonjwa.

Binti aliitisha kikao. Alipanga viti mduara, akasukuma kiti cha magurudumu cha baba yake mahali pake, na mzee akatabasamu kwa upande mmoja, akidhani anaenziwa. Kisha binti akauliza, kwa sauti ya chini, nani yuko tayari kumchukua baba. Akakaa, akanyamaza.

Wadogo zake waliangalia viatu. Wake zao waliangalia simu. Baadaye alimweleza shangazi yake kwamba ulimi ulimwasha kusema atamchukua yeye, akauma midomo hadi akasikia ladha ya damu. Baba alikuwa anamtazama yeye tu, na tabasamu lilishamtoka. Yeye kuliko wote alijua kinachoendelea pale. Akahangaika, akanyanyua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu.

"Ahsante, baba," binti akasema. "Mzee amejitolea kwenda."

Mkono ulibaki juu. Hakuna aliyeuliza ulikuwa unaomba nini. Dada wa marehemu aliyeandika haya alikuwepo; alimwonea kaka yake huruma, na papo hapo alifurahi, na hataki kumficha mtu.

Alikaa makazini miezi tisa. Binti alikwenda kila Jumapili, akamkata kucha, akambadilishia mashuka aliyoyafua mwenyewe, akarudi zake. Sauti haikurudi. Tarehe 19 Novemba 2021, saa kumi alasiri, alifariki kwa nimonia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Ameacha pia nyumba, bila wosia. Baada ya maziko familia itakutana humo kuamua nani yuko tayari kuiachia. Kikao kitaongozwa na binti yake, na wadogo zake wanaombwa wasichelewe, kwani viti ameshavipanga.

Mzee Duara anyamaze kwa amani.