Diski Waliyosema Imekufa

Asalaam aleikum. Na ninyi wa kanisani, amani iwe kwenu pia. Wazee mlioalikwa leo kwenye kikundi chetu, shikamooni. Mwenyekiti amenipa nafasi nishuhudie, akanisihi niseme kwa upole. Nimemsikia. Lakini ndugu zangu, nawaambia mapema, upole sina. Nina hasira, na sitaificha.

Mnanijua. Mimi ni katibu wa kamati ya mashamba hapa Kang'ata. Yule bwana alipokuja kudai mashamba ya bondeni ni yake, mimi ndiye niliyezunguka na wazee nikiwa na kamera. Walitembea mpaka mzima, wakaonyesha makaburi, wakaonyesha minyaa iliyopandwa na baba zao, nikarekodi. Wawili kati yao tumeshawazika. Hawatasema tena.

Video zote niliziweka kwenye diski ya nje, ile ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya. Afisa aliyetufundisha kazi akaifunga kwa neno la siri, ili hata ikiibwa mtu asiweze kuifungua. Neno nililishika kichwani. Kosa langu nalisema mwenyewe kabla hamjalisema: sikuweka nakala nyingine. Diski moja tu, ndani ya sanduku la nguo, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki tatu kabla ya baraza la ardhi kutuita Handeni, nikaichomeka nihakikishe. Kimya. Hata taa haikuwaka. Nikaijaribu kwenye kompyuta ya shule. Kimya.

Nikapanda basi mpaka Korogwe, kwa fundi niliyeelekezwa. Hakuuliza kitu. Hata waya hakubadilisha, na kumbe ugonjwa wote ulikuwa kwenye waya! Alichukua bisibisi, akabandua kasha, akaitoa diski yenyewe, akaiunga moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Ikazunguka. Lakini kompyuta ikaonyesha diski ipo, ila haina sehemu yoyote ndani, kama iliyotoka dukani jana. Akaweka programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea. Ikaleta takataka.

"Mama, hii imekufa. Na nani alikwambia uifunge? Ngoja tuifomati, angalau uwekee mambo mengine."

"Ukifomati, vilivyomo vitarudi?"

"Virudi vipi na hamna kitu?"

Kidole kilishafika kwenye kitufe. Nikamshika mkono. Ndiyo, nilimshika mkono mwanaume wa watu, na sijutii. Akafoka, akaizungushia diski gazeti, akanisukumia. "Nenda kwa anayejua kuliko mimi."

Nikarudi, nikaiambia kamati ukweli siku hiyo hiyo. Na hapa mnisamehe. Kesho yake nafika kisimani, maneno yanakatika. Nikiondoka, yanaanza. Amenunuliwa na yule bwana. Diski gani inakufa kesi ikikaribia? Mmoja alinisimamia mlangoni, mchana kweupe, akaniambia, "Tuonyeshe ulichopewa." Mtu niliyemuuguza akiwa na homa alinipita njiani bila salamu. Mimi! Niliyetembea huo mpaka hadi viatu vikaachia soli!

Nikaacha kula. Nikaacha kwenda shamba. Asubuhi moja nikafunga nguo zangu niende kwa kaka yangu kule Lutindi, nisirudi. Ndipo akaingia mjane wa mmoja wa wale wazee wawili, bila hodi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Ukiondoka leo, umewapa ushahidi. Na humo kwenye hiyo diski imo sauti ya mume wangu. Mimi sina nyingine. Fungua mzigo, utoe diski, twende Mombo. Shemeji yangu anamjua fundi huko, mwanamke."

Ndugu zangu, mimi sikuinuka kwa nguvu zangu. Niliinuliwa na mama yule.

Fundi wa Mombo tulimkuta kwenye chumba chake jirani na stendi ya mabasi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alilifungua lile gazeti, akaitazama diski, na jambo la kwanza akauliza, "Kasha lake liko wapi?"

"Lilibaki Korogwe. Si ganda tu?"

"Si ganda, dada. Ndani yake kuna kibao. Makasha mengine, kibao ndicho kinachoiambia kompyuta diski imegawanywa vipi, kila kipande kina ukubwa gani. Ukiiunga bila hicho kibao, kompyuta inahesabu kwa kipimo kingine, inakwenda kutafuta pasipo. Inasema hamna. Na kwa kuwa imefungwa kwa siri, ile programu ya mafaili haiwezi kuona ila takataka. Siwaahidi kitu. Lakini kama hakufomati, nileteeni kasha."

Tukarudi Korogwe saa hiyo hiyo. Fundi yule akatuona, akaguna. "Kasha? Nimeshatupa."

Nikaketi kwenye kizingiti cha duka lake. Nikamwambia, "Sitoki. Wateja waniruke nikiwa hapa hapa, nami kila mmoja nitamweleza ulivyotaka kufuta sauti za marehemu bila kuuliza swali moja." Mjane akaketi pembeni yangu. Mteja wa kwanza alipofika na kusikiliza, fundi alipiga magoti mwenyewe kwenye boksi la vyuma chakavu. Kasha likatoka, na kibao ndani yake.

Tuliporudi Mombo, yule mama akairudisha diski kwenye kasha lake, akatoa waya mpya. Taa ikawaka. Kompyuta ikaiona sehemu ile, ikauliza neno la siri. Nikaandika, vidole vikakosea. Nikaandika tena. Ikafunguka. Hakuniacha nitazame, kwanza alinakili kila kitu kwenye diski nyingine. Kisha akafungua video moja, na mzee, mume wa mjane, akasema, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Hapa nilimzika baba yangu." Mjane akafunika uso kwa kanga. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Handeni, baraza lilizitazama zote. Mpaka umebaki kwenye minyaa. Mnalima huko sasa hivi.

Namshukuru mama wa Mombo. Namshukuru mjane, ambaye amenikataza nisimtaje, na anajifanya hasikii. Mengine niliyojifunza ni haya: fundi asiyeuliza kitu, mnyang'anyeni kifaa chenu. Kompyuta ikisema hamna kitu, msikubali kufuta. Na mtu wenu akipatwa na jambo, mwulizeni kwanza kabla ya kumpa jina.

Nimekuja na nakala tatu. Moja ninayo mimi. Ya pili atakaa nayo mjane, na neno la siri analijua. Hii ya tatu nataka ikakae nyumbani kwa mmoja wa wale waliosema nimenunuliwa. Najua mpo humu. Anyooshe mkono, aje aichukue hapa mbele.

Sina haraka. Nitasimama.