Mzee Jaribu Mabruki Nyange, Mfuga Samaki wa Bopwe

Wasifu uliosomwa na mpwa wake, Nassor Vuai, baada ya hitma, Bopwe, Wete, Alhamisi tarehe 14 Machi 2019

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuazima Mzee Jaribu kwa miaka sitini na mitano, kisha akamtaka kwa wakati alioupanga Yeye. Familia inatoa wasifu huu ili waliomjua wamkumbuke, na waliomsikia tu wapate ukweli, maana yaliyosemwa kuhusu nyumba ile ni mengi. Bi Mwanawema, mjane wa marehemu, ameupitia kabla haujachapishwa. Mahala alipoagiza pafutwe pamefutwa, isipokuwa pawili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 hapa hapa Bopwe, mtoto wa nne wa Mzee Mabruki Nyange, mchuma karafuu, na Bi Mwatima Jaribu. Alikuwa mtoto mpole, mwenye afya njema nchi kavu. Baharini ilikuwa habari nyingine. Chombo kilikuwa hakijang'oa nanga yeye ameshatapika, na hata kusimama kwenye gati la Wete kulimtia kizunguzungu. Mamake alikuwa akisema amezaa watoto sita wa Kipemba na mmoja wa bara, na huyo wa bara ndiye Jaribu.

Alianza skuli Wete mwaka 1961. Mapinduzi yalimkuta darasani, na akaendelea hadi kumaliza kidato cha pili mwaka 1970. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi cha walimu kumpa kazi ya kuandika vyeti vya wenzake. Hesabu hakuziweza. Mwaka 1973 aliajiriwa katika ofisi ya maji, Wete, akawa fundi mabomba, na baadaye msimamizi wa tangi kuu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini bila kupewa onyo hata moja.

Ni kazi hiyo iliyompeleka Tanga mwaka 1978, kwa mafunzo ya miezi kumi na minane. Alipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, na ukumbini kwa mzee huyo kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wekundu, mikia imechanua kama kanga iliyoanikwa. Jaribu aliwatazama kwa siku mbili. Siku ya tatu akauliza kwa adabu:

"Hawa mwawakaanga au mwawapika kwa nazi?"

"Hawa hatuwali," alijibu mwenyeji wake. "Tunawatazama tu."

Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba jibu lile lilimkosesha raha wiki nzima. Alikuwa ametoka kwenye kisiwa ambacho samaki hutazamwa mara moja tu, sokoni, na hutazamwa mashavu kama bado ni mekundu. Lakini hapo kulikuwa na samaki, maji yametulia, na tumbo lake halikumchafuka. Alipomaliza mafunzo, mzee yule alimpa samaki wawili ndani ya chupa kubwa ya achari. Aliivuka bahari ameikumbatia chupa ile, anatapika upande wa pili ili asiwachafulie maji.

Bandarini Wete karani aliinua chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hiki ni kitoweo au ni mfugo?"

"Ni wa kutazama," alisema Jaribu.

Karani alitafuta katika fomu yake mahala pa vitu vya kutazama, hakupaona. Akaandika: Samaki, wazima, wawili, si wa kula, mwenyewe ana akili timamu. Karatasi hiyo ipo hadi leo, imetiwa fremu.

Mamake alimpokea mlangoni. Aliitazama chupa, akamtazama mwanawe. "Mwaka mmoja na nusu wakaa Tanga," alisema, "kisha waniletea kitoweo kisichotosha hata watu wawili."

Mwaka uliofuata, 1980, marehemu alitumwa Micheweni kufunga bomba jipya. Binti aliyekuja na ndoo yake alisimama kando, akamwangalia akihangaika, kisha akasema, "Fundi, huo mpira umeutia kinyume." Ilikuwa kweli. Marehemu alirudi Micheweni mara tatu kulikagua bomba lile ambalo halikuwa na kasoro tena, na mara ya nne akaja na wazee wake kuposa. Binti huyo ndiye Bi Mwanawema Shaame.

Baba wa binti, Mzee Shaame Mmanga, alikuwa mvuvi wa dema, ile mitego ya kusuka, tangu ujana wake. Aliwakaribisha wageni, akaagiza kahawa, akamgeukia mposaji.

"Nasikia wafuga samaki."

"Ndiyo, Mzee."

"Wangapi?"

"Sasa wamefika sita."

"Wakikua wawauza?"

"Hapana, Mzee."

"Wawala?"

"Hapana."

"Sasa wafanya nao nini?"

"Nawatazama."

Mzee Shaame aliweka chini kikombe chake. "Binti yangu mie nimemlisha samaki miaka ishirini," alisema taratibu. "Siwezi kumtoa kwa mtu anayewalisha samaki." Wazee wakarudi Wete na tambuu yao ya posa.

Wiki tatu baadaye Mzee Shaame alibisha hodi Bopwe bila kualikwa, akieleza kuwa amekuja mjini kununua mishipi ya kuvulia. Alipelekwa ukumbini. Jaribu aliposogea karibu na kioo, samaki wote sita walikuja mbio, wakapanga midomo juu ya maji, wakimwangalia. Mzee Shaame akamwambia asogee kando. Akasogea, samaki wakamfuata. Akamwambia aende upande wa pili. Wakamfuata.

"Wakujua?" aliuliza mzee.

"Wanijua."

Mzee Shaame aliwatazama mpaka kahawa ikapoa. "Mie nawafuata samaki mwaka wa arubaini huu," alisema mwishowe. "Hajanijia hata mmoja kwa hiari yake." Kisha akainuka, akavaa kofia yake. "Walete wazee wako."

Ndoa ilifungwa Micheweni, Jumapili tarehe 7 Juni 1981. Bi Mwanawema aliingia Bopwe na sharti moja, kwamba samaki hawataingia chumbani, na sharti hilo liliheshimiwa hadi mwisho. Watu aliwaambia hana haja na samaki hao na hawatazami. Mzee Shaame, kwa upande wake, alikuja Wete kununua mishipi karibu kila mwezi hadi alipofariki mwaka 1996. Mishipi yote hiyo ilikutwa sandukuni kwake, haijafunguliwa.

Miaka ikaenda, matangi yakawa matatu. Marehemu alijifunza kwamba maji ya bomba, ambayo kwa binadamu hayana neno, samaki hawayapendi mpaka dawa iliyomo iruke, basi akawa anayaacha mitungini siku mbili. Aliona vyema zaidi ajulishwe mapema siku ya kutia dawa. Akaiandikia barua ofisi yake mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri. Mkubwa wake alisoma, akaandika pembeni, "Ndugu Jaribu, shughulikia," kwa kuwa mtia dawa alikuwa ni yeye. Marehemu akajijibu rasmi kuwa ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi, akaweka nakala mbili katika faili.

Kwa chakula cha samaki alipita nyumba hadi nyumba na kopo, akiomba viluwiluwi vya mbu katika mapipa. Jirani yake, Bi Kijakazi, alimwambia, "Watu waomba chumvi, weye waomba mbu." Lakini mwaka ule mtaa mzima ulilala bila kujipiga makofi, na Bi Kijakazi akaanza kumwekea kopo lake tayari. Kitu alichokataa kukizoea ni Mkaguzi. Huyu alikuwa samaki mweusi, macho yametokeza pembeni kama vitunguu, na alikuwa na tabia ya kumkabili mgeni na kumtazama bila kupepesa. Bi Kijakazi hakupita ukumbini bila kujitanda vizuri. "Simjui ni nani," alisema, "lakini huyo ni mwanamume."

Jambo linalosimuliwa zaidi, na ambalo Bi Mwanawema alitaka lifutwe, lilitokea Ijumaa tarehe 18 Agosti 2006, siku ya ndoa ya binti yake mkubwa, Mwatum. Bwana harusi, Ahmada, alikuwa ameshakaa na watu wake chini ya turubai, shehe yupo, kashata zimepangwa. Umeme ukazimika, na mashine za kupulizia hewa katika matangi zikanyamaza. Watu walimngojea wali wa binti, yaani baba mwenye kuozesha, nusu saa nzima. Alikutwa ukumbini, kanzu mpya imelowa hadi kifuani, anachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, tangi moja baada ya jingine.

"Mzee Jaribu, watu wanakusubiri," alisema shehe.

"Nikiacha wanakufa, shehe."

Bi Mwanawema akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia kabla, kwamba kuna wengine pia wanaweza kufa leo.

Shehe aliyatazama matangi. Akaagiza bwana harusi na mashahidi waletwe ukumbini. Mtu mmoja akauliza kama ndoa itakuwa sahihi, naye akajibu kuwa hajaona katika kitabu chochote sharti la wali kuwa mkavu. Basi marehemu alimpa Ahmada mkono wa kulia, wa kushoto ukiendelea kumwaga maji, akatamka maneno ya kumuozesha bila kukosea hata herufi. Ahmada akakubali. Naye alikuwa ameshatiwa jagi la pili mkononi. Mkaguzi alishuhudia yote. Hakufa samaki hata mmoja, na ndoa hiyo leo ina watoto wanne.

Marehemu alistaafu mwaka 2013. Maradhi ya sukari yalikuwa yamemwanza miaka miwili nyuma, yakaingia machoni. Madaktari wa Chake Chake walifanya waliloliweza, na mwenyewe alikiri kuwa alichelewa kwenda, kwa sababu siku ya kliniki iligongana na siku ya kubadilisha maji. Kufikia mwisho wa mwaka 2015 hakuona tena kitu.

Siku ile alipotambua kuwa haoni hata taa, alimwita mkewe. "Wape watu samaki," alimwambia. "Kitu cha kutazama hakimfai kipofu." Bi Mwanawema akaendelea kufagia. Kwa siku mbili marehemu alikaa barazani, hakuingia ukumbini. Siku ya tatu mkewe alimshika mkono, akamkalisha mbele ya tangi kubwa, akavuta kiti chake pembeni.

"Mkaguzi leo kanuna," alisema. Huyu alikuwa wa tatu kwa jina hilo. "Yule mwekundu wa mkia mfupi kamnyang'anya pahala pake, nyuma ya jiwe. Tangu juzi."

Marehemu alimgeuzia uso. "Weye wajuaje kuwa pale ni pahala pake?"

"Miaka thelathini na nne nafagia ukumbi huu. Wadhani nilikuwa natazama ukuta?"

Tangu hapo, kila siku baada ya chai, Bi Mwanawema alimsomea mumewe habari za matangi: nani kala, nani kamfukuza nani, nani mkia wake umeota tena. Marehemu alisikiliza ameinamisha kichwa na kuuliza maswali. Mwaka 2017, samaki mmoja mkongwe aitwaye Bi Harusi alikufa, na Bi Mwanawema hakuweza kumwambia mumewe. Akaendelea kumtaja kwa siku kumi na moja, jinsi anavyocheza, jinsi anavyokwenda mbio. Siku ya kumi na mbili marehemu alimkatiza.

"Mwanawema, samaki wa miaka kumi na mitatu hendi mbio. Kafa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Umemzika?"

"Chini ya mlimau."

"Ahsante," alisema marehemu, na akamtafuta mkono.

Pahala hapo pia Bi Mwanawema alitaka pafutwe.

Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Machi 2019, baada ya kusomewa habari za siku, aliuliza kama maji ya bomba yametoka. Mkewe akamwambia yametoka. "Yaache yakae kwanza," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kabla ya shahada. Alifariki saa tatu na robo, kitandani kwake, na akazikwa Bopwe siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, dada wawili, na samaki kumi na tisa. Juu ya hao wa mwisho familia ina ombi. Tangu Jumanne, kila aliyekuja kutoa pole amepita ukumbini, na karibu kila mmoja amewarushia kipande cha mkate au andazi. Tunashukuru kwa huruma hiyo, lakini tumbo la samaki ni dogo kuliko huzuni ya watu, na wawili wameshaanza kuelea kwa ubavu. Anayetaka kumtendea wema marehemu na aingie, aketi, atazame, kisha amwombee dua.

Mola amsamehe Mzee Jaribu makosa yake, ayakubali mema yake, alikunjue kaburi lake na alijaze nuru, na sisi tuliobaki atupe subira. Amin.