Pindo la Shati la Del Kovarik

Wasikilizaji wapendwa, kama mko jikoni, punguzeni moto. Kama mko kwenye trekta, zimeni injini kidogo, mahindi hayakimbii. Leo tunamzungumzia mtu wetu.

Delbert Kovarik amefariki dunia Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na minne. Alikuwa rubani wa jeshi. Akawa mwanaanga. Akawa mkurugenzi mkuu wa Tallgrass, kampuni ya kutengeneza roketi. Huko nje walimwita Kanali. Hapa Vesna, Nebraska, tulimwita Del, mdogo wake Lida, na yeye mwenyewe aliridhika na hilo.

Lida ndiye aliyemfundisha kurusha ndege. Ludmila Kovarik, dada yake, miaka saba mbele yake, alikuwa akinyunyizia dawa mashamba ya kaunti hii kwa ndege ya viti viwili, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia ashuke.

Mnajua desturi ya marubani. Zamani ndani ya ndege hakukuwa na redio, na injini ilikuwa inanguruma usisikie hata mawazo yako. Mwalimu alikaa nyuma ya mwanafunzi. Ukikosea, anakuvuta shati. Siku unayoruka peke yako na kutua salama, mwalimu anachukua mkasi, anakata pindo la nyuma la shati lako, analitundika ukutani. Maana yake huna tena wa kukuvuta.

Del aliruka peke yake akiwa na miaka kumi na sita. Alipotua, Lida alikuwa anamsubiri na mkasi.

"Geuka."

"Lida, jamani! Hili shati la kanisani!"

"Kwani nani alikutuma uvae la kanisani uje kuchezea ndege?"

Kraa! Pindo likakatwa. Mama yao aligomba wiki nzima. Kitambaa kile cheupe kikatundikwa kwenye banda la ndege la Lida, na watoto wote wa Vesna tumekua tukikiona pale.

Del akaenda jeshini. Akarusha ndege za kivita, kisha akachaguliwa kujaribu ndege mpya kule jangwani California. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Lakini kichwa kilivimba, wasikilizaji. Mtu akimshauri, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi nilishakatwa shati."

Siku moja alikuwa akijaribu ndege mpya kwa mwendo wa juu kabisa. Kwenye kiti cha nyuma alikaa rafiki yake, Harlan Teague.

"Del, injini ya kulia inapata joto. Turudi," Harlan alisema.

"Nimeona."

Hakuwa ameona. Hakutazama hata kidogo. Alitaka kumaliza jaribio. Harlan akasema mara ya pili, Del akamwambia anyamaze. Kisha injini ikashika moto. Wote wawili walirushwa nje wakashuka kwa miavuli. Del alichubuka kiwiko tu. Harlan alivunjika mgongo, na hakurusha ndege tena maisha yake yote.

Lida alifunga safari hadi hospitali. Del alikuwa amejiinamia kando ya kitanda cha Harlan. Alitegemea dada yake amkumbatie. Lida alisimama mlangoni, hata koti hajavua.

"Nilikukata shati, Del. Masikio nilikuachia."

Basi. Akaenda kumsalimu Harlan.

Maneno yale yalimwingia. Del mwenyewe aliwahi kutuambia kwamba hayakumtoka tena. Alipokuwa mwanaanga, alikwenda angani mara mbili na kurudi mara mbili, na mara zote mbili mji huu ulijaa ukumbini, tukila kolache, yale maandazi yetu ya plamu, mbele ya televisheni, tukilia na kucheka. Mara ya pili alikuwa kamanda. Alitua kwenye upepo mkali wa ubavuni, chombo kikagusa ardhi taratibu kama mama anayelaza mtoto. Ukumbi ulilipuka! Lida peke yake alibaki ameketi. "Amechelewa kunyanyua pua ya chombo," alisema, huku machozi yanamtiririka.

Kisha Tallgrass wakamfanya mkurugenzi mkuu. Siku ya kwanza aliingia mkutanoni na suti nzuri, lakini shati nje, pindo linaning'inia. Watu wakadhani mzee amesahau kujitazama kwenye kioo. Akawaambia, "Ukiona napotea, njoo uvute. Sijali wewe ni nani." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Ikafika siku ya kurusha watu kwa mara ya kwanza. Watu wanne walikuwa ndani ya chombo, juu ya roketi. Wenye kampuni walikuwa wamejipanga nyuma ya kioo, na dunia ilikuwa inatazama. Neno la mwisho lilikuwa la Del. Na wasikilizaji, Harlan Teague alikuwamo chumbani mle, na fimbo yake, mgeni wa Del.

Noreen Baptiste, mhandisi wa mafuta, alisema kwenye kipaza sauti kwamba presha ya bomba moja haimpendezi. Akajibiwa kwamba iko ndani ya kiwango, tuendelee. Noreen akavua vipokea sauti. Akatembea mbele ya watu wote, akashika pindo la shati la mkurugenzi mkuu, akavuta.

Del akageuka.

"Sema," Del alimwambia.

"Sina uhakika, Bwana Kovarik. Inaweza kuwa si kitu. Sina uhakika tu."

"Simamisheni."

Mmoja wa wenye kampuni akapiga kelele, "Del, dunia nzima inatazama!"

"Basi itutazame tukisubiri."

Walipofungua, walikuta bomba lina ufa mwembamba kama unywele. Roketi ile ingelipuka na watu wanne ndani yake. Harlan alimwendea Del, akamgonga mguuni kwa fimbo. "Umechelewa kusikia, ndugu yangu. Lakini umesikia." Wakakumbatiana, wazee wazima, wanalia mbele za watu.

Mwezi uliofuata roketi iliruka. Wote wanne walikwenda, wote wanne walirudi. Narudia kwa furaha: wote wanne walirudi! Tulipiga kengele ya kanisa hapa Vesna hadi kamba ikakatika.

Kwa Lida, kwa watoto na wajukuu, kwa familia ya Harlan aliyetangulia, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nanyi mnaonisikiliza, hasa mliokwisha kufaulu, jiulizeni leo ni nani anaweza kukuvuta shati, na kama umemwachia pa kushika.

Jana Lida, mwenye miaka tisini na mmoja, alikwenda bandani na mjukuu wake. Akatungua kile kitambaa ukutani, akaomba sindano na uzi. Alikaa mchana kutwa akikishona kwenye shati ambalo Del atazikwa nalo. Mjukuu akamuuliza, bibi, kwa nini unalirudisha?

"Huko anakokwenda ana Mwalimu mpya nyuma yake," Lida alisema. "Na mimi namjua Del. Atahitaji kuvutwa."