Siku Nilipoimba Juu ya Adhana

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Atakayetaka kuniuliza kitu aje hapa mbele nimwone mdomo. Huko nyuma mtauliza bure.

Mimi ni mwimbaji wa harusi zetu za Wanubi, kama marehemu mama yangu. Naanzisha wimbo, akina mama wanaitikia kwa ngoma. Siku nyingine nauza mashuka sokoni Owino. Nawaambia, masikio yalianza kuniacha polepole. Kwanza nilidhani wateja wa siku hizi wananong'ona. Kisha boda ikanikwaruza mkono hapa Bwaise, na dereva akaapa amepiga honi tangu kule kwenye mtaro. Daktari akanipima, akasema yote mawili yanakwenda na hayatarudi, ila kuna kifaa cha kuvaa. Nikamwambia nitafikiria, nikaondoka mbio. Nani angemwita harusini mwimbaji mwenye kitu sikioni?

Nikaficha. Mume wangu nilimwambia ni mafua, miaka miwili ya mafua. Nikiimba nilitazama mikono ya mpiga ngoma wetu, mama mmoja aliyenijua tangu nikiwa msichana, ndipo nikajua pa kuingilia. Kila Ijumaa nilikesha nikirudia nyimbo, kwa sababu Jumamosi ni harusi.

Sasa, mnajua desturi yetu: adhana ikilia, ngoma inanyamaza, hata bibi harusi awe katikati ya kucheza. Alasiri moja wimbo ulininogea, nikafumba macho. Adhana ikalia. Ngoma ikakoma, waitikiaji wakakoma. Mimi na kipaza sauti changu tukaendelea. Nilipofumbua macho, watu wote walikuwa wananitazama, na shangazi wa bwana harusi ameziba mdomo kwa mtandio. Banange, niliona aibu. Walisema nimeidharau dini. Wengine walisema nimelewa, mimi ambaye hata soda inanisumbua.

Miezi mitatu hakuna aliyeniita. Nilijua nimekwisha. Siku moja yule mama wa ngoma akaja, akaketi mbele yangu. Nilingoja matusi.

"Nilijua zamani," akasema. "Unaitazama mikono yangu kama paka anayetazama samaki. Kwa nini hukuniambia?"

Nikalia. Nikamwambia niliogopa atatafuta mwimbaji mwingine.

"Mficha uchi hazai," akasema. Akaweka ngoma sakafuni, akaniambia nivue kandambili niiguse kwa unyayo. Akapiga, nami nikaimba, na sikupotea hata mara moja.

Kesho yake alinisindikiza kuchukua kifaa. Kisha akanipeleka kwa yule shangazi. Ndugu zangu, kusema "sisikii" mbele ya mtu uliyemkosea ni kugumu. Lakini nilisema.  Akasogea nimwone mdomo, akasema binti yake anaolewa, na atakayemwimbia ni mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama wa ngoma, na mume wangu aliyenisamehe yale mafua. Wewe unayeficha, mwambie mtu mmoja tu. Mmoja anatosha kuanzia.

Harusi yenyewe ni Jumamosi hii. Naogopa, siwafichi. Kifaa hiki hupiga mluzi kikipenda, na sikio la kushoto bado linashuka. Lakini tumekubaliana: nitasimama karibu na ngoma bila viatu, na adhana ikianza, mama wa ngoma atanikanyaga mguu. Kwa hiyo mkiniona nimenyamaza ghafla katikati ya wimbo, msinionee huruma. Jueni nimesikia.