Mtambo Haujafa, Umevimbiwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa mtambo wa gesi wa machinjioni. Walimwita Mama Povu. Wengine walisema ni kwa sababu ya povu la mafuta ndani ya tangi, wengine kwa sababu ya mdomo wake. Yote mawili ni kweli.

Kazi yake ilikuwa kulisha vijidudu. Ndiyo, kulisha. Ndani ya tangi lisiloingia hewa, kundi moja la vijidudu huvunja mafuta ya nyama kuwa asidi. Kundi la pili huigeuza asidi kuwa gesi, na hilo haliharakishwi. Kwa hiyo Mama Povu alitia mafuta ndoo moja moja.

Mwaka mmoja akaenda kumuuguza dada yake. Aliporudi, akakuta meneja ameamuru mapipa sita ya mafuta yamwagwe kwa mkupuo, eti gesi iongezeke. Gesi ikakatika. Tangi likachacha kwa asidi. Meneja akatangaza kwamba mtambo umekufa, umwagwe, na mafundi wote saba waende nyumbani.

Mama Povu alichovya karatasi ya kupimia asidi, akaitazama, akasema, “Haujafa. Umevimbiwa. Aliyevimbiwa hazikwi, anapumzishwa tumbo.”

Meneja akacheka. Mama Povu akafunga koki ya kumwagia tangi, akavuta kiti, akaketi mbele ya koki hiyo. Mafuta, hata tone hakutia. Alitia chokaa kidogo, na samadi mbichi yenye vijidudu vipya. Kila asubuhi aliambiwa aondoke, kila asubuhi alikuwa hapo.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, ametusimulia: “Niliona aibu. Watu walisema mama amechanganyikiwa. Nikamwambia, mama, yaishe. Akaniuliza kama mgonjwa wangu akikataa chakula huwa namtupa nje.”

Siku ya kumi na tisa, mwali wa buluu ukawaka. Meneja alikuja na mpiga picha. Mama Povu akamwambia kwanza aviombe radhi vijidudu. Akaomba, mbele ya mafundi wote saba.

Mama Povu amefariki Jumanne. Mtambo unawaka mpaka leo, nasema unawaka.

Binti, ndugu, mafundi wenzake, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, tafakari: mtu asiyekijua kitu akikwambia kimekufa, bisha. Akikucheka, kaa hapohapo, uendelee kubisha.